Benchi la Bwana Foleni

Siku ya kupima sukari na presha, kijiji kizima kilijaa kwenye benchi la zahanati, hata wale ambao ugonjwa wao pekee ni umbea. Muuguzi alikuwa akitoboa vidole huku akitania, "Tulia, shangazi, nachukua tone tu, ndoo nimeiacha nyumbani," mpaka alipoinua macho akamwona Bwana Foleni. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Bwana Foleni alikuwa mganga wa zahanati hiyo kabla ya kustaafu, na ndiye aliyetunga sheria ya benchi: anayenyanyuka, hata kwa haja, anarudi mkiani. Miaka hiyo mama yake muuguzi aliletwa pale akiharisha. Kila akikimbilia chooni, akirudi anaonyeshwa mkia wa benchi. Jioni mlango ukafungwa. Alifia njiani, juu ya keria ya baiskeli, bintiye akikimbia pembeni ameshika kandambili zake.

Binti akakua, akasomea uuguzi, akarudi palepale, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuifuta sheria ile. Lakini leo mzee alipotoka chooni, alikuta kidole cha muuguzi kimemnyookea.

"Mkiani, mzee."

"We dada, sheria hiyo si uliiua mwenyewe?" fundi baiskeli akauliza.

"Leo imefufuka."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Lakini sukari ikipanda, kibofu hakina subira. Mzee akanyanyuka tena, akarudishwa mkiani. Akanyanyuka tena. Midomo imemkauka, anapepesuka, anashika ukuta. Na muuguzi anasikia raha mbaya kifuani, raha ya kukuna kidonda.

Vicheko vikafa kimoja kimoja.

"Mzee, kaa hapa pangu," fundi baiskeli akasema, akasimama. Muuza nyanya naye akampisha, na wa mbele yake, mpaka mzee akafikishwa mezani na watu walewale aliowatesa. Muuguzi alitamani kuwazaba vibao wote.

Akamtoboa kidole kwa nguvu kuliko kazi ilivyotaka. Sukari ilikuwa juu, juu ya kutisha. Akamwinamia sikioni.

"Mama yangu aliuawa na benchi hili. Unamkumbuka?"

Mzee akamtazama, akatafuta kichwani, akakosa. "Walikuwa wengi, mwanangu. Simkumbuki."

Muuguzi alikuwa amejiandaa kwa kiburi, kwa machozi, hata kwa kuombwa radhi. Hili hakulitegemea. Angeweza kumrudisha mkiani akafie huko. Lakini mtu akifa bila hata kumkumbuka aliyekufa kwa sababu yake, amelipa nini?

Akamtundikia dripu, akamchoma sindano ya kushusha sukari.

"Utakuja kila wiki kupimwa," akasema. "Na kila wiki nitakusimulia habari zake. Alivyocheka, alivyoimba vibaya, nani alimfungia mlango. Mpaka umjue kama mama yako."

"Na nisipokuja?"

"Siku hizi tunahudumia mpaka majumbani, mzee." Akamfunika shuka, akaichomeka vizuri pembeni. "Na ole wako ufe mapema."