Picha Isiyokunywa Maji

Janeth alikuwa amehitimu sanaa chuoni, na jambo lililomnyima raha ni kwamba mashine zinazochora picha kwa akili mnemba hupozwa kwa maji. Kwa hiyo kamati ya maji ya mtaa wao wa Unyambwa ilipotaka picha ya kuhimiza watu watunze maji, iwekwe ukutani penye bomba, na katibu Philipo akatoa simu yenye picha tayari iliyochorwa na mashine hizo, Janeth alisimama.

"Shikamoo, mwenyekiti. Hiyo picha imekunywa maji. Tena mashine imejifunza kwa kazi za wachoraji ambao hakuna aliyewaomba. Niacheni nichore kwa mkono."

"Marahaba. Imekunywa kiasi gani?" aliuliza mwenyekiti, Mama Amne.

"Hiyo moja, labda matone tu. Lakini zikiwa mamilioni, mama..."

Mama Amne hakupenda mtu achukue cha wenzake bila hodi. Akampa Janeth ukuta. Ikipendeza itabaki, isipopendeza, ya Philipo itachapishwa.

Asubuhi kazi ikaanza. Ukuta ulijaa vumbi, akauosha. Chokaa ikataka maji. Rangi nayo ikataka maji, na brashi zikataka kusuuzwa kila alipobadili rangi. Pale bombani zinazopanga foleni ni ndoo, wenyewe wakikaa kivulini, na mwenye kazi ya mtaa hupitishwa mbele. Kila alipokuja walimpisha.

"Chota, mwanetu. Wewe ndiye unayetutunzia maji."

Akachota, moyo umemjaa fahari.

Alasiri picha ilikuwa inapendeza kweli: mwanamke mwenye ndoo kichwani, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mshikio. Watu wakaanza kucheka chinichini. Kila mtu alikijua kitambaa kile. Ndicho kilichofungwa kwenye ndoo ya Mama Amne, kikimshikia nafasi kwenye foleni tangu asubuhi.

Ndipo bomba likakohoa, likatema upepo. Simtanki lililolisha bomba lilikuwa tupu.

Mama Amne akaja. Akatazama ndoo yake kavu, kisha ukuta.

"Huyu si mimi?"

"Ni wewe, mama. Ulivyokuja asubuhi na ndoo kichwani nikaona..."

"Uliniomba lini?"

Janeth akautazama ukuta.

"Na ile ya Philipo, ulisema ilikunywa matone?"

Philipo aliinamia simu yake, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Janeth akaweka brashi chini. "Shikamoo, mama," akaanza upya, kama mtu anayebisha mlangoni. "Naomba nichore sura yako. Ukikataa, naifuta sasa hivi."

"Utaifuta kwa maji gani?"

Foleni nzima ikacheka, na Janeth pia. Mama Amne hakucheka. Alikuwa bado anajitazama.

"Iache. Ila pua yangu haiko hivyo. Kesho urekebishe, na maji utoke nayo kwenu."

Kesho yake Janeth akafika na dumu nyuma ya baiskeli. Wakampisha kama jana. Akapita, akamimina kwanza kwenye ndoo yenye kitambaa chekundu. Yaliyobaki yalitosha pua.