Amina ya Sikio la Kushoto

Watu wananiita Bibi Amina, na wala si jina langu. Nililipata kanisani. Sala ikifika mwisho, wenzangu wananong'ona "amina" utadhani wanaogopa kuamsha mtoto, lakini mimi naitoa kifuani. Vijana wanasema Amina yangu inamtoa kuku kwenye mayai. Wacheke tu, meno ni yao. Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha. Alisema sala isiyo na amina ni mlango usio na komeo, na mimi komeo langu nililipiga kwa nguvu miaka hamsini, mpaka mtu alipolitumia kunifungia nje.

Tena angekuwa mgeni ningesema basi, dunia ndivyo ilivyo. Ni mwanangu. Sikumzaa. Mdogo wangu alifariki akamwacha ana miezi minane, nikambeba mgongoni huku mabinti zangu wawili wakinishika nguo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuniambia kwamba nguo yenyewe nitaishona kwa mkono wangu!

Sikio langu la kushoto halisikii, na chanzo ni huyohuyo. Alipokuwa na miaka minne alipata homa kali. Nikambeba kwenye mvua tangu alfajiri mpaka zahanati, mwendo wa saa nne. Yeye akapona, nikaugua mimi. Sikio likatoa usaha mwezi mzima, kisha likaziba moja kwa moja. Sikuwahi kumsimanga kwa hilo, lakini alijua. Alipokuwa akitaka kitu, andazi au kalamu ya shule, alizunguka mbio upande wa kulia na kuuliza, "Mama, sikio zuri lipo?" Namgeuzia, tunacheka, anapewa. Akawa mtu mzima, akawa katibu wa kanisa, na bado akija kwangu aliuliza hivyohivyo.

Sasa shamba. Lipo bondeni karibu na mto. Mimi na mume wangu tulilifyeka wenyewe, tukang'oa visiki mpaka viganja vikatoka damu. Sheria yake ilikuwa moja: mstari wa kwanza si wetu. Tupande maharage, mahindi au viazi, mstari wa kwanza ni wa mgonjwa. Aliyelala kitandani hapa kijijini, akiwa wa kanisani au asiwe, anakula mstari ule. Miaka hii anayeula ni mshonaji, mwanamke jirani yangu. Alipigwa na kiharusi, upande mzima umekufa, mtoto hana, ndugu hawaonekani. Kila asubuhi namwosha, namgeuza, namlisha. Anakula polepole kama anayehesabu punje, na mimi nina haraka, basi tunagombana kila siku na kesho yake naenda tena. Shamba lile likiondoka, mshonaji atakula nini? Na mimi nitaamka niende wapi?

Siku moja nikashuka kupalilia. Lahaula! Vigingi vinne vyekundu vimesimama katikati ya maharage yangu, na vijana wawili wanavuta kamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mnapima nini kwenye maharage yangu, homa?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Si ndilo shamba lililotolewa kanisani, bibi? Nyumba ya wageni inaanza mwezi ujao."

Nikajua wamepotea njia. Nikawaelekeza kabisa, kwa upole, shamba la kanisa lilipo. Wakanionyesha karatasi, na jina lililoandikwa pale lilikuwa langu.

Nilikwenda ofisini kwa mchungaji na jembe begani, matope mpaka magotini. Ni kijana mwema yule, simsingizii. Alinipa kiti, akaniambia kanisa zima linanishukuru. Nikamwambia asinishukuru kabla sijajua nimefanya nini. Akafungua faili, akasoma: siku ya kumtembelea nyumbani, mbele ya wazee watatu, katibu aliitamka nia ya mama yake katika sala, kwamba shamba la bondeni anamtolea Bwana, na mama mwenyewe akaithibitisha kwa Amina.

"Na hiyo nyumba ya wageni ataisimamia nani?" nikauliza.

"Katibu. Kwani bibi hukujua?"

Hapo ndipo siku ile iliponirudia yote. Mwanangu na wazee walikuja baada ya ibada, nikawapa chai. Mwanangu nilimwekea kigoda upande wangu wa kulia, mahali pake pa siku zote. Hakukikalia. Alikwenda kukaa kwenye benchi, kushoto kwangu, akasema pale kwenye kigoda jua linampiga. Jua gani? Mbingu ilikuwa imefunga wingu tangu asubuhi! Lakini nani anamchunguza mwanawe wakati wa chai? Akafumba macho akaomba, sala ndefu, sauti ya chini. Mimi nasikia mvumo tu, nyuki ndani ya ukuta. Nikadaka "mama yetu", nikadaka "shamba", nikajua ananiombea mvua. Moyo ukajaa. Alipofika mwisho nikaitoa: Amina! Mzee mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa, nami nikadhani chai imemkolea.

Aliujua upande ule. Duniani hakuna aliyeujua kama yeye.

Mchungaji aliponisikiliza alishika kichwa. Akataka amwite katibu palepale. Nikamkataza. "Umesema Jumapili ndiyo siku ya kukabidhi shamba, sivyo? Mwache aombe tena mbele ya watu. Usimwambie kitu." Unajua kwa nini? Sikuwa na ujanja wowote. Nilitaka apate siku tano za kuja kuniambia mwenyewe. Haki ya Mungu, angekuja akasema, "Mama, nimekosa, nilitaka na mimi niwe mtu," labda ningemkatia hata kipande.

Alhamisi alikuja. Moyo wangu ukaruka. Aliniletea sabuni, akakaa kulia, akaongea bei ya mbolea, akaongea paa la shule, akaongea ng'ombe wa watu. Nikangoja. Chai ikapoa.

"Una neno jingine, mwanangu?"

"Sina, Mama." Akalibusu paji la uso wangu akaenda zake. Ile sabuni mpaka leo sijaifungua.

Jumapili kanisa lilijaa. Waliniita mbele, wakanipa kiti, na yeye akaja kusimama kando yangu na karatasi zake. Upande gani? Kushoto! Hata pale, hata mbele ya madhabahu. Hasira ilinipanda mpaka magoti yakaacha kuuma. Nikainuka, nikamzunguka na mkongojo wangu taratibu, kanisa zima linanitazama, nikasimama upande wa pili, sikio la kulia karibu na mdomo wake.

"Haya, omba, mwanangu," nikasema. "Sikio zuri lipo."

Alinitazama. Nilimlea, nausoma uso wake hata gizani. Alijua kwamba ninajua.

Akafumba macho. "Bwana, tunakushukuru..." Akaanza tena. Akaombea mvua, akaombea wasafiri, wajane, wanafunzi wenye mitihani. Akazunguka, akazunguka, jasho linamtiririka, na shambani hakufika. Mwisho akakata kamba mwenyewe: "Kwa jina lako."

Kanisa likangoja Amina yangu. Nilibana meno. Mtoto mmoja nyuma akacheka, akapigwa kofi la kimyakimya.

"Wazee," nikasema, "leo mmesikia shamba humo?"

Wazee wakatazama viatu vyao. Mchungaji akafunga faili, akatangaza wimbo. Katibu akatoka kwa mlango wa pembeni kabla ubeti wa pili haujaisha.

Jumatatu niling'oa vile vigingi vyekundu. Nimevipeleka bustanini, maharage yanapanda juu yake vizuri sana.

Basi watu wananipongeza. Bibi Amina umeshinda! Nimeshinda nini? Shamba ninalo, mshonaji anakula, mstari wa kwanza uko palepale. Lakini asubuhi nikimwombea yule mwanamke, yeye na nusu ya mdomo wake anajikakamua, "A... mina," na mimi mwenye mdomo mzima haitoki. Aliwahi kuniuliza kwa macho. Nikamwambia meza kwanza, chakula kinapoa. Siku hizi mtu akisema tuombe, wenzangu wanafumba macho na mimi yangu yako wazi, natazama nani amekaa upande gani. Uzee huu, baada ya miaka hamsini! Hilo ndilo alilonichukulia, na hakuna faili litakalolirudisha.

Wiki iliyopita alikuja. Nilikuwa uani napukuchua maharage. Amekonda. Hakuingia na sabuni wala na habari za ng'ombe wa watu. Alipiga magoti kwenye vumbi, upande wa kulia, akauliza kwa sauti ya yule mtoto wa kalamu, "Mama, sikio zuri lipo?"

Nililia, sifichi. Kisha nikamgeuzia la kushoto.

Aliongea muda mrefu. Niliona midomo inacheza, niliona machozi yanashuka mpaka kidevuni, nikasikia mvumo tu. Huenda alikuwa anatubu, huenda alikuwa anaomba. Punje zikaendelea kuanguka kwenye ungo. Midomo ikatulia, akainua uso, akaningoja.

Sikusema amina.