Mbwa kwenye Noti Nyeusi

Fundi piano alikuwa na siku moja tu ya kumpendeza mama mkwe mtarajiwa, na siku yenyewe ndiyo hiyo. Mama huyo, mwalimu wa kwaya mstaafu mwenye masikio ya kusikia hadi mawazo, alikwishawarudisha wachumba wawili wa bintiye: mmoja alicheka vibaya, mwingine hakucheka kabisa. Huyu wa tatu alimdaka mlangoni, hata viatu hajavua.

"Una kasoro gani, baba?"

"Sina, mama," fundi akajibu. Binti, aliyekuwa nyuma yake, akakohoa.

"Haya. Piano ile pale. Sitaki kusikia wimbi hata moja."

Wimbi, kwa wasioshinda na nyuzi, ni ile wo-wo-wo inayosikika noti mbili zisipopatana. Uzi mmoja ukitetemeka mara mia nne na arobaini kwa sekunde, na jirani yake mia nne arobaini na mbili, utasikia mawimbi mawili kila sekunde. Ni tofauti yao tu. Zikipatana, wimbi linakufa. Hesabu nzuri, ila haina adabu kwa wakwe.

Maana fundi hupanga noti kwa kuruka, kutoka ya kwanza hadi ya tano, na kila mruko ulio safi huzidisha mtetemo kwa moja na nusu. Ukiruka mara kumi na mbili unatakiwa uangukie noti ileile uliyoanza nayo, oktava saba juu. Oktava saba ni kuzidisha kwa mbili mara saba: mia ishirini na nane. Lakini hiyo miruko yako inakupeleka karibu mia na thelathini. Kunabaki kijipande, na hakuna fundi aliyewahi kukiua. Mwenye akili hukigawa: kila mruko anaupunguza kidogo sana, na kila mmoja unabaki na kawimbi kake ka polepole.

Fundi wetu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alimtaka yule binti mpaka akili ikaomba likizo. Akakaza nyuzi, akasafisha miruko kumi na mmoja hadi ikanyamaza kama maji mtungini, na kijipande chote akakisukumia mruko wa kumi na mbili, kati ya noti mbili nyeusi, kona ambayo aliamini vidole vya mwalimu havipiti.

Mama akaketi. Badala ya wimbo wa kwaya, akaweka vidole juu ya noti nyeusi.

"Marehemu mume wangu alijua kupiga hizi tu," akasema. "Nyeupe zilimpoteza njia. Kila nikifungua piano naanza na wimbo wake."

Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Noti ya tatu haikufika, piano ikabweka. Kweli ilibweka, kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Mimi, mama." Na fundi akayamwaga yote: miruko, kijipande, kona. "Ulisema hutaki wimbi hata moja. Nami nikaona aibu kukwambia haiwezekani. Ama kila mruko ubebe kidogo, ama mmoja ubebe kijipande chote na ulie."

"Mficha uchi hazai," mama akasema, "na wewe unakuja kuoa! Rudia kazi."

Akarudia, kijipande akikigawa kwa miruko yote kumi na miwili. Mama akaupiga wimbo wa marehemu mpaka mwisho. Kila mahali palikuwa na kawimbi, na hapakulia popote. Akaurudia tena, polepole, machozi yakimlengalenga.

"Nyumba hii ilikuwa hivihivi," akasema. "Yeye alipiga nyeusi peke yake miaka yote, nami nikavumilia. Yeye akavumilia mdomo wangu." Akamgeukia fundi. "Nakuuliza tena. Una kasoro gani?"

"Nakoroma, mama. Nasahau niliyotumwa. Na nikiogopa, nadanganya."

"Hiyo ya tatu tutaigawana nyumba nzima," mama akasema, kisha akamtazama bintiye. "Ya kukoroma ni yako peke yako."