Tiketi ya Watu Watano

Msusi alikuwa ameshapiga hesabu zake zote kabla hajamgusia mumewe. Safari ya kwenda kwa dada yake mkubwa ilivuka mipaka miwili, na kila nchi ina reli yake na bei zake. Ukikata tiketi ya kila nchi peke yake, hata ya mabenchi ya mbao, unatoka pale umekamuliwa. Yenye unafuu ilikuwa tiketi ya familia: moja tu, inakubalika njia nzima, tena kwa vitanda. Sharti lake, muwe watu wazima na watoto wote pamoja watano, na wote mfike dirishani na pasipoti zenu.

Wao walikuwa wanne: yeye, mumewe, binti yao, na mama yake mzazi. Mama ndiye aliyekuwa anaililia safari yenyewe. Binti yake wa kwanza alikuwa amejifungua mapacha, na yeye hajawatia machoni.

"Wa tano nani?" aliuliza mumewe. Alikuwa anakula.

"Kisiki."

Mumewe alinyanyua sahani akaibamiza ukutani, chakula na vyote, kisha akakaa anatazama mchuzi ukiteremka. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu mpole, majirani walisema hata kuku hawezi kumfukuza akakimbia. Lakini Kisiki, kaka yake msusi, ndiye aliyemvunja bega kwa spana walipogombania jenereta. Bega liliunga vibaya. Tangu hapo mkono wa kulia haupandi kupita sikio, na kazi za juu ya paa zote zikamponyoka.

"Ni tiketi tu, baba watoto," msusi alisema. "Tukishapanda kila mtu akae upande wake."

Fundi alianza kuokota vigae vya sahani. "Haya. Kwa ajili ya mama," alisema.

Msusi akashusha pumzi, akadhani jambo limekwisha.

Siku ya kukata tiketi ukumbi wa stesheni ulifurika. Kisiki alikuja amevaa shati la kubana, shingo nene kuliko kichwa.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji," alijibu fundi.

"Bega vipi?"

"Lipo."

Hakuna aliyejua kama lile lilikuwa swali la wema au la kejeli. Msusi alijipenyeza katikati yao, mama na binti akawatanguliza mbele, na foleni ikasogea hivyo mpaka wakabaki wa pili kutoka dirishani.

Hapo ndipo mlanguzi mmoja wa tiketi alipochomoka pembeni, rundo la pasipoti za wateja wake mkononi, akajipachika mbele ya mama.

"Mwanangu, sisi tuko kwenye mstari," mama alimwambia.

"Subiri, bibi."

Mama hakusubiri. Alimshika mkono wa shati. Yule kijana alimsukuma kwa kiwiko bila hata kugeuka, mama akaenda na uso mpaka kwenye ukingo wa kaunta. Nyusi ilichanika, damu ikamwagika kwenye mtandio.

Kisiki alimkamata mlanguzi kisogoni akampigiza uso kwenye nondo za dirisha, mara moja, mara ya pili, pasipoti zikatapakaa sakafuni. Alipoanguka alimkalia kifuani na kuanza kumpiga ngumi za uso, taratibu, kama mtu anayefanya kazi ya kulipwa. Watu walirudi nyuma wakaacha uwanja. Mlanguzi aliinua mikono kuomba, Kisiki akavikunja vidole vyake mpaka vikalia.

"Muache, utaua," msusi alisema, akamvuta shati.

Kisiki alirusha kiwiko nyuma bila kutazama. Kilimpata msusi mdomoni. Alikaa chini, akahisi jino linacheza na mdomo umejaa chumvi.

Kutoka pale chini alimwona mumewe. Fundi alikuwa ameshika kigingi cha chuma cha kupangia foleni, kile chenye kitako kizito, amekinyanyua kwa mkono wa kushoto.

Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa mlanguzi, na kila aliyekuwepo angekubali kulitolea ushahidi. Kisiki alimwachia, akabaki ameketi, mikono imelegea, anatafuta kwa macho aliyempiga. La pili lilimkuta tayari ameshaachia. Taya lilihama upande mmoja wa uso. La tatu fundi alilipima, akalishusha begani, na mfupa ulisikika ukumbi mzima.

"Hilo," alisema kwa sauti yake ileile ya kila siku, "ni la spana."

Walinzi walimkuta ameshakiweka kigingi chini. Alimnyooshea mkewe funguo za karakana. Msusi hakuzipokea, akazitazama zikidondoka. Kisiki na mlanguzi walipakiwa gari moja la wagonjwa, mmoja anakoroma damu, mwingine jicho limeshapotea ndani ya uvimbe. Fundi alipakiwa gari jingine.

Msusi alibaki amesimama na pasipoti tano. Yeye ndiye aliyewaunganisha watu hawa, kwa sababu ya vitanda na unafuu.

"Kata tiketi," alisema mama. Mtu alikuwa amemfunga kitambaa kichwani.

"Mama, kaka anapelekwa hospitali."

"Nimeona. Nina watoto watatu. Huyo leo nimemwona vya kutosha. Sasa nataka kumwona mwenzake."

Karani alikuwa anafuta kaunta kwa tambara. Alisema ya familia haiwezekani tena, labda wakate za mabenchi mpaka mpaka wa kwanza tu, kwani zilizobaki wakizinunua ng'ambo zitakuwa rahisi kidogo kuliko kuzikata hapa. Msusi alisema haya. Watatu.

Treni iliondoka jioni ile. Mpakani, afisa alipekua pasipoti zao, macho yakatua kwenye mtandio wa mama.

"Damu hii ya nani?"

"Ya nyumbani," alisema mama.

Afisa alimtazama, akamtazama msusi na mdomo wake uliovimba, akagonga mihuri.

Wakarudi kwenye benchi. Binti alilaza kichwa mapajani mwa mama yake.

"Baba atatufuata?"

"Hapana."

"Na mjomba?"

"Hapana, mwanangu."

Msusi alimeza damu iliyokuwa bado inachuruzika kwenye jino, akamwambia alale.