Mashine Iliyoikataa Ndoano

Kila kitu kiliharibika Jumatano, tarehe kumi na moja Machi, chai ya saa nne ikiwa bado kwenye birika. Mkaguzi wa vipimo wa kiwanda alikuwa ameweka ndoano mpya ya winchi kwenye mashine ya kupimia, na mashine ikaandika HAIFAI. Fundi wa winchi akampigia meneja simu. "Bosi, tuitundike?"

"Itundikeni. Hiyo mashine imezeeka."

Wakaitundika. Ikapasuka, na mzigo ukamwangukia mkaguzi akipita na kikombe chake.

Mkaguzi alikuwa na mume, fundi wa kompresa, aliyeacha shule kabla hesabu za kugawanya hazijamwingia. Tangu siku hiyo watu walimwita Mgane. Wakubwa waliwachunguza wakubwa wenzao, na kama ijulikanavyo, kosa la mkubwa hushuka ngazi mpaka limpate asiyeweza kulikataa. Hili lilishuka hadi kwenye mashine. Ikasemwa kwamba mashine ni mbovu na mkaguzi aliichezea. Wakaitupa uani pamoja na vipande vya ile ndoano, mvua ikainyeshea, panya wakala nyaya. Mgane akavinunua vyote kwa bei ya chuma chakavu. Hakutafuta faida. Alitaka mashine ifufuke na mtu ainunue kama mashine nzima, kwa sababu ikiwa nzima, mkewe hakukosea.

"Shemeji, wenzio wakifiwa hununua godoro jipya, wewe umenunua mzoga," alisema mdogo wa marehemu, alipokuta karakana imejaa hata mlango haufungiki.

"Nishikie taa. Mdomo huo ungekuwa na pa kufunga mpira wa hewa, nisingehitaji kompresa."

Mashine yenyewe ni meza ya jiwe jeusi, na juu yake daraja la chuma linaloelea kwenye hewa. Darajani huning'inia kidole chembamba chenye punje ya yakuti kwenye ncha. Kidole kikigusa kitu, mashine inajua kilipo, na haikosei hata upana wa unywele. Mgane alisugua reli kwa spiriti, akabadilisha mipira ya hewa, akaunga nyaya, akaichuja hewa mpaka ikawa kavu kama koo la mdaiwa. Daraja likaelea. Ungeweza kulisukuma kwa pumzi.

Lakini kidole kilipofika katikati ya meza tupu, kilisimama. Kikarudi nyuma, kikazunguka, kikasimama tena. Kwenye kioo cha kompyuta vitone vikajipanga: kiwiko, bega, shingo yenye mkufu.

"Ni dada," alisema shemeji. "Ameikalia meza."

"Na alivyokuwa akiwafukuza wanaoiegemea!"

Mgane alimwomba mkewe ashuke, maana hakuna mteja anayenunua mashine iliyokaliwa. Hakushuka.

"Atashukaje na kazi haijaisha?" alisema shemeji. "Dada hata ufagio hakuwahi kuuacha katikati ya chumba. Mpe ndoano yake."

Mgane akaweka vipande vyote viwili mezani. Daraja likasogea lenyewe, na kidole kikapita taratibu, jinsi mkewe alivyokuwa akimkagua kola kabla hajatoka. Kompyuta ikaandika HAIFAI. Baada ya hapo mkewe akasogea pembeni, meza ikawa na nafasi, na kila chuma cha kujaribia kilitoa kipimo chake.

Mteja aliyejitokeza alikuwa kiwanda kile kile, kwa kuwa bidhaa zake zilikuwa zinarudishwa kwa kukosa vipimo sahihi. Meneja alikuja na mtaalamu, ambaye alijaribu kutwa nzima asipate dosari.

"Nzima," alisema mtaalamu.

"Ilianza lini kuwa nzima?" aliuliza Mgane.

"Jiwe halipindi, mzee. Ilikuwa nzima siku zote."

Meneja akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri.

"Ina tabia moja," aliongeza Mgane. "Kila asubuhi hupima ndoano ile kwanza. Bila hiyo haiamki."

"Hilo halitengenezeki?"

"Limeshatengenezwa."

Meneja akanunua mashine, na ndoano juu yake. Lori likaingia kwa lango la mbele, lango la wageni. Mgane alitangulia kifua mbele kama bwana harusi. Wafanyakazi wakatoka wakipiga makofi, na waliowahi kufanya kazi na mkaguzi wakamsalimia pale alipokaa juu ya jiwe. Shemeji alipiga kigelegele kimoja, akasema vingine anaviweka akiba.

Meneja bado ni meneja. Sasa ana ofisi mbili.

Jumatatu ikaletwa ndoano mpya, kutoka kwa muuzaji yule yule. Mashine ikapima ya zamani, kisha mpya: HAIFAI, HAIFAI. Mgane, aliyekuja kuisimika mashine, alikuwa amepiga magoti akikaza mpira wa hewa fundi wa winchi alipompigia meneja simu. Upande wa pili kulisikika pumzi tu. Ndoano ingali sakafuni, simu haijakatwa, na kila baada ya chai fundi hunyanyua simu, akauliza upya: "Bosi, tuitundike?"