Upepo Kwenye Breki

Mguu wa mshonaji haujui kupumzika. Ukikaa miaka mingi kwenye cherehani ya kukanyaga, mguu unahamia kwenye pedali na kufanya makazi hapo, kazi iwepo isiwepo. Nilipojifunza gari niliuhamishia mguu huohuo, na tabia zake zote, kwenye breki. Hakuna aliyeniambia kwamba ni kosa, na angeniambia nisingemsikiliza. Mimi ukinielekeza mara moja tu, inanitosha kukasirika.

Siku hiyo tulikuwa tunapeleka sare za shule, mimi na dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na duka letu la ushonaji ni la wote wawili: yeye anakata, mimi nashona. Sare zilikuwa zimejaa kiti cha nyuma hadi darini. Barabara ya kwenda shuleni ni mteremko mrefu unaouzunguka mlima, na niliuteremka kwa gia ya nne, mguu umelala juu ya breki.

"Kuna kitu kinaungua," Dada alisema.

"Ni lile lori lililotangulia."

"Lori limeshapotea zamani. Simama tuangalie."

"Dada, nani anaendesha?"

Akashusha kioo cha dirisha. Kwenye kona iliyofuata nilikanyaga breki, na pedali ikashuka laini mpaka chini bila kupingwa na chochote. Gari halikupunguza mwendo. Kando ya barabara kulikuwa na ukingo mfupi wa mawe, na nyuma ya mawe hayo hapakuwa na kitu ila hewa.

Nilichofanya nilikifanya kabla sijakifikiria. Mguu ulianza kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, mbiombio, kama napiga mshono wa pindo refu, na kila mara pedali ilirudi juu kidogo ikapata cha kushika. Nikaingiza gia ya tatu, kisha ya pili. Injini ikapiga ukelele, mwendo ukaanza kupungua. Nikapandisha breki ya mkono kidogokidogo, tukapanda lundo la mchanga lililomwagwa kando ya nyumba inayojengwa, na hapo ndipo tuliposimama. Sare zote zilitumwagikia kichwani.

Dada aliondoa kaptura iliyomfunika uso. Akaanza kuikunja. Heri angenitukana, maana tusi ningelijibu.

Fundi wa breki ana uwanja wake mwisho wa mteremko ule, na mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hazimiki. Tulimpigia simu, akapanda kutufuata, akasubiri magurudumu yapoe, akalishusha gari mwenyewe kwa gia ya kwanza, sisi tukimfuata kwa miguu. Uwanjani alifungua gurudumu la mbele, akachungulia, akanusa.

"Nani alikuwa amelaza mguu kwenye breki?"

Dada alitazama pembeni. Nilinyoosha kidole kama mwanafunzi.

Redio alituonyesha pedi mbili zilizokuwa zimeibana sahani ya chuma mteremko mzima, zikapata moto hadi zikang'aa. Moto ule uliingia kwenye mafuta ya breki, na kwa kuwa yalikuwa ya zamani na yamekunywa unyevu, yakachemka.

"Mafuta hayabonyei, mama," alisema. "Ukisukuma huku, yanasukuma kule. Lakini yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Wewe ulikuwa unakanyaga upepo. Kule kukanyaga mara nyingi ndiko kulikowaokoa. Mteremkoni shuka na gia ndogo, breki uikanyage na kuiachia. Na siku ukisikia pedali laini, au chuma kinasaga chuma, au gari linavuta upande mmoja, usingoje kesho."

Ilibidi mafuta yabadilishwe na upepo utolewe, kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nati gurudumuni. Aliniambia niingie nikanyage. Nikaweka mguu, na mguu ukakataa kushuka. Niliuona tena ule ukingo wa mawe, na Dada ameketi pembeni yangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, liligoma. Nilishuka nikilia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya mafundi.

"Nipishe," Dada alisema, akaingia. Maisha yake yote hakuwahi kukaa kiti cha dereva.

"Kanyaga," Redio alisema. "Shikilia. Achia."

Nilichuchumaa karibu na gurudumu. Kila Dada alipokanyaga, mafuta meusi yalipita kwenye mpira mwembamba yakaingia chupani na mapovu yake, hata yakaanza kutoka safi, bila povu. Redio alikaza nati, akaizungusha ile sahani kwa mkono, ikazunguka kwa urahisi.

"Sasa kanyaga."

Sahani ilikamatwa palepale. Redio aliishika kwa mikono miwili, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, haikutikisika. Nikachungulia ndani: Dada, na kandambili zake, hakuwa hata amekunja uso. Nilistaajabu mpaka nikasahau kulia. Bomba jembamba kuliko kidole changu cha mwisho, mafuta yasiyojaza jagi, mguu wa mwanamke aliyechoka, na uzito wote ule wa gari, wa sare, wa sisi wawili, ulikuwa unashikwa hapo. Nami mwaka mzima nilikuwa nimeulaza mguu juu ya ajabu hii kama juu ya mkeka wa mlangoni.

Gurudumu liliporudishwa, Redio alikaa pembeni ya Dada akamwacha alisogeze gari hatua chache uwanjani. Lilienda kwa kurukaruka. Kisha Dada akakanyaga, likasimama. Alibaki ameshika usukani, macho yamemtoka.

"Nimeliambia simama," alisema, "limesimama."

"Ndiyo kazi yake, mama."

"Hunielewi, fundi. Huyu mdogo wangu nimemlea tangu anatambaa. Hata siku moja sijamwambia simama akasimama."

Redio alizimika kwa mara ya kwanza. Dada alishuka, akazunguka, akaketi kiti chake cha abiria. "Njoo uendeshe," aliniita. "Watoto wanangoja sare."

Niliingia. Safari hii mguu ulitii. Tulipokaribia shule, barabara ikiwa tupu mbele na nyuma, Dada alisema, "Simama."

Sikuuliza sababu. Nilikanyaga, pedali ikanipokea ikiwa ngumu, tukasimama katikati ya barabara isiyo na mtu. Dada aliegemea kiti chake.

"Haya," alisema. "Twende."