Mama Mkwe na Kona za Pugu

Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu, na nikikutwa na uongo hata wa ukubwa wa kichwa cha kiberiti, baraza zima litakunywa kahawa kwa pesa yangu.

Miaka ile ambayo magari na pikipiki za watu binafsi Jumapili mwisho kutembea saa nane mchana, Jumapili moja Albano, mchonga vinyago wa Temeke, aliazima pikipiki ampeleke mama mkwe wake mtarajiwa, Mama Anjelina, Pugu. Huko wajomba wa binti walikuwa wanangoja neno la mama tu: binti yake Sesilia aolewe na Albano, au posa irudishwe. Mama asipofika, au akifika kachubuka, basi tena, Albano hana mke.

Mama akakaa upande, miguu kushoto, kikapu mapajani, na kati yake na mgongo wa Albano akaacha nafasi ya kupita mbuzi. Kwao mama hamgusi mkwe wala mkwe hamwambii mama jambo la mwili wake, na kumtazama usoni ni utovu wa adabu.

Kona ya kwanza ilikuwa ya kushoto. Albano akalalia kushoto. Mama, kuona mgongo wa mkwe unahama, akajivuta kulia. Pikipiki ikavutwa huku, ikavutwa kule, ikaamua kunyoosha. Ikaacha barabara, ikaingia sebuleni kwa watu. Mama akapiga hodi. Alipojibiwa karibu, walishatokea mlango wa uani, kuku yumo kikapuni.

Jasho likamtoka Albano. Asimame? Saa nane inakaribia. Amwambie mama mkwe namna ya kukaa? Bora ameze patasi. Aende hivyo hivyo? Mbele kona nyingine, na pembeni yake korongo. Akajiona kama panya ndani ya chupa, tena chupa yenyewe inateremka mlima.

Akakohoa. "Ewe pikipiki," akapaza sauti, macho kwenye taa ya mbele, "dereva akilalia kushoto, nawe na mizigo yako yote lalieni kushoto. Mkigoma, leo tunazikwa."

Kisha nyuma yake sauti ikasema: "Pikipiki, mwambie huyo dereva wako, si angesema tangu Temeke? Kuku wa watu nimembeba bure!"

Kona ile waliikata kama kisu kwenye papai. Iliyofuata, ya kulia, mama alilalia upande huo mpaka akazoa fungu la nyanya lililopangwa kando ya barabara, mkono wa kulia, bila kuangusha hata moja.

Walipofika, mama hakukaa hata kwenye mkeka. "Huyu kijana," aliwaambia wajomba, "hata kifo kikimkodolea macho, adabu haimtoki. Mpeni."

Na Sesilia akaolewa.

"Ngoja, ngoja," akadakia Mzee Mwinshehe hapa barazani, akiweka kikombe chini. "Mama kakaa miguu kushoto, uso kushoto. Nyanya ziko kulia. Kazizoa kwa kisogo?"

Baraza likalipuka.

"Labda zilikuwa kushoto," nikasema.

"Kona ya kulia, mzee mwenzangu! Wamelalia kulia! Kushoto ana miguu hewani!"

Nikatazama mlangoni, Mwinshehe kakaa hapo. Nikatazama upande wa pili, ukuta. Na Nassibu muuza kahawa alishaanza kupanga vikombe, anacheka hata birika linatikisika.

"Haya, mimina," nikamwambia. Mwinshehe alikunywa viwili.